Barua ya wazi: Mvua ya Pemba mnaipima, hesabu yake tupeni

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa dhamana ya kilimo, mazingira na taarifa za hali ya hewa,
Zanzibar.

YAH: KUMBUKUMBU ZA MVUA, MAJI CHUMVI MABONDENI NA MSIMU ULIOHAMA

Waheshimiwa,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni katibu wa kamati ya wakulima wa mpunga katika bonde moja la Wilaya ya Mkoani, kusini mwa Pemba. Jina la bonde na majina ya wanakamati yamo katika barua tulizokwisha kuwaletea kwa mkono, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na majibu yake mpaka leo hatujayaona. Tumepita kwa sheha, tumepita kwa bwana shamba, tumekaa kwenye mabenchi ya ofisi mpaka adhana ya Adhuhuri ikatukuta pale pale. Kila mahali tulipokewa kwa heshima, hilo siwanyimi, na kila mahali tukarudi na jibu moja: "Ni mabadiliko ya tabianchi, mzee. Dunia nzima iko hivyo."

Basi leo tunaandika hadharani.

Nataka tuelewane mapema. Hatukatai kwamba hali ya hewa inabadilika; sie ndio wa mwanzo kuyaona hayo, kabla ya semina na kabla ya fulana zake. Tunachokataa ni kuambiwa inabadilika na watu wenye vipimo mikononi, bila kuoneshwa vipimo hivyo vinasema nini kuhusu Pemba.

Mzee wa Kipemba aliyekulia konde hakuwa akilima kwa kubahatisha. Kaskazi ikishika Disemba alijua kiangazi kinaingia, bonde lisafishwe. Upepo ukilegea Machi, mbegu iwe tayari, Masika yako njiani. Kusi ikivuma, kipupwe na ubaridi wake, mvua za mchoo zinaumalizia mpunga na kuutia nguvu muhogo. Oktoba Vuli. Na juu ya hayo ilikuwepo hesabu ya miongo, siku kumi kumi kuanzia Siku ya Mwaka, ile ambayo wenzetu wa Makunduchi wanaisherehekea mwezi wa Julai kwa Mwaka Kogwa. Baharia na mkulima wote walikuwa wakiitegemea.

Afisa mmoja alitwambia kwamba tatizo letu ni hesabu hiyo yenyewe: ina siku 365, haina mwaka mrefu, kwa hiyo husogea siku moja kila miaka 4. Kweli, husogea. Lakini siku moja kwa miaka 4 ni siku 10 kwa miaka 40. Mvua ya kupandia inayoshuka mwanzo wa Machi mwaka mmoja, na mwaka mwengine ikangojwa mpaka katikati ya Aprili, haielezeki kwa kusogea huko. Nilimshukuru kwa somo, nikamuomba takwimu. Hakuwa nazo.

Madai yetu ni haya.

1. Kumbukumbu za mvua zimefungiwa

Naanza na hili kwa sababu mengine yote yananing'inia hapa.

Mvua inapimwa Zanzibar tangu karne ya 19. Pemba nako vipima mvua vipo tangu enzi za Waingereza, wakati karafuu ndiyo iliyokuwa ikiilisha hazina ya nchi. Leo kipo kituo uwanja wa ndege. Wataalamu wenyewe wanasema hali ya hewa ya mahali haijulikani kwa mwaka mmoja wala mitano. Inataka wastani wa miaka 30, na wastani unaotumika duniani hivi sasa ni wa 1991 hadi 2020. Uko wapi wa Pemba?

Tunachopewa ni kwamba Pemba hupata kiasi cha milimita 1,900 kwa mwaka na Unguja kiasi cha 1,600. Namba hizo zinamfaa mtu anayeandika kitabu cha wageni. Mkulima hazimwambii kitu. Milimita 1,900 zinaweza kushuka kwa taratibu, leo kidogo na keshokutwa kidogo, bonde likalainika, mpunga ukasimama. Na zinaweza kushuka kwa kishindo siku chache, halafu jua kali wiki mbili, halafu kishindo tena. Jumla ya mwaka ni ile ile. Mpunga umekufa.

Na wanasayansi wanaeleza kwa nini mambo huelekea huko: hewa ikizidi joto kwa nyuzi 1 huweza kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7, kwa hiyo mvua ikiamua kushuka hushuka kwa wingi. Dunia ilikwishapanda nyuzi 1.1 katika muongo wa 2011 hadi 2020 ikilinganishwa na nusu ya pili ya karne ya 19, na upande wetu wa magharibi wa Bahari ya Hindi ni miongoni mwa maji yaliyopata joto kwa kasi. Kisiwa kidogo kama hiki hakina hewa yake peke yake. Kinavuta ya bahari iliyokizunguka. Mpunga ukiwa unachanua ukakosa maji, suke hutoka jeupe, tupu, na mvua ya wiki inayofuata hailijazi. Mwenye shamba huvuna majani.

Kwa hiyo tunachotaka kukijua si jumla. Tunataka kujua mvua ya kupandia ilianza tarehe gani, mwaka baada ya mwaka. Siku kavu zinazofuatana katikati ya Masika zimezidi au zimepungua? Mvua kubwa za siku moja ni ngapi sasa, na zilikuwa ngapi wakati wa baba zetu? Hayo yote yanatoka katika daftari moja la kipima mvua, kwa mtu mwenye kalamu na jioni mbili za nafasi.

Tulipoomba daftari hilo tuliambiwa takwimu zina malipo, na kwamba kuna utaratibu wa watafiti. Watafiti tumewaona. Huja na viatu vya mpira, hutuuliza maswali chini ya mwembe, hupewa takwimu za mvua yetu, hupata shahada. Matokeo yake husomwa ng'ambo, kwa lugha ambayo wengi wetu hatuisomi.

Sie tumekwisha kuanza la kwetu. Uwanjani kwa skuli ya kijiji kuna chupa ya plastiki iliyokatwa shingo, shingo ikageuzwa iwe faneli, na rula ya mwanafunzi imefungwa ubavuni kwa uzi wa nailoni. Mtoto wa zamu huisoma saa 3 asubuhi, saa ile ile wanayosoma vituo vyenu, anaandika kwenye daftari la mistari, anamwaga maji, anarudi darasani. Nyinyi mna vyombo vya kweli, na wino wenu una umri mkubwa kuliko wetu sote.

2. Utabiri hautufikii kama wakulima

Kila mwaka hutoka utabiri wa Masika na utabiri wa Vuli. Pemba tumo, katika kundi la pwani ya kaskazini, pamoja na Unguja, Dar es Salaam, Tanga, Pwani na kaskazini ya Morogoro. Kisha tunasomewa: mvua za wastani hadi juu ya wastani. Wastani upi, kama wa kwetu haujawahi kubandikwa hata kwa sheha?

Isisemwe kwamba mambo haya hayatabiriki. Vuli ya 2019 ilizidi mipaka Afrika Mashariki kwa sababu maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalikuwa na joto kuliko ya mashariki, upande wa Indonesia. Kuanzia 2020 hadi 2022 ikatawala La Niña, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki kupoa kupita kawaida, miaka mitatu mfululizo, na Vuli zikawa haba katika sehemu kubwa ya ukanda huu. 2023 El Niño, kinyume chake, ikarudi, bahari yetu ikawa na joto tena, mvua zikamwagika. Dalili za namna hii huonekana miezi kabla. Zinaonekana Unguja, zinaonekana Dar es Salaam, hazifiki bondeni.

Na mkitaka mnaweza. Kimbunga Hidaya kilipokaribia mwambao mwanzoni mwa Mei 2024, tahadhari zilitoka mapema, boti zikasimamishwa, redio zikarudia na kurudia, watu wakafunga mapaa na kuvuta ngalawa juu. Ilikuwa kazi nzuri na tunawapongeza. Wazee wa Unguja walioangushiwa mikarafuu yao na kimbunga cha Aprili 1872 hawakupata bahati hiyo. Ila ukame hauna kishindo cha kimbunga, hautii hofu studioni, ndio maana haupewi saa hata moja ya redio.

3. Maji chumvi na tuta lililobomoka

Bonde letu linapakana na mikoko, na baina ya mpunga na bahari kuna tuta. Lilijengwa kwa udongo na kwa mikono ya wazee wetu. Mlango wake wa mbao wa kutolea maji ya mvua umeoza na kubakia miimo. Kila bamvua kubwa, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hasa za Machi na Septemba, maji hupanda mkondoni, hukuta pahala palipoliwa, hupita.

Ingieni bondeni Februari, kabla ya mvua. Mtaona kipande kizima kimepauka. Mkikanyaga, ukoko wa chumvi huvunjika chini ya kisigino, na chini yake kuna udongo mweusi, mzito, unanuka pwani. Pale hakioti ila majani ya ufukweni. Ukipanda kandokando yake, mpunga huchipua vizuri kukudanganya, kisha ncha za majani hukauka, weupe hushuka taratibu mpaka kwenye shina, na mmea hubaki kimo cha goti bila kutoa suke. Kila mwaka kipande hicho kinakula shamba la mtu mwengine. Aliyeanza kulipoteza lake sasa anauza maji barafu Chake Chake.

Tulipolileta hili tukaambiwa bahari imepanda. Tumelisoma: wastani wa dunia ni kama sentimita 20 tangu 1901 hadi 2018, karibu shubiri moja, na kwenye bonde tambarare shubiri ni nyingi, hatubishi. Lakini hapa kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita 4 kwa kiasi cha saa sita, na tuta lilipokuwa zima lilihimili. Tundu la kwenye tuta halikutobolewa na tabianchi. Limetokana na miaka ya kutolitia hata toroli moja la udongo, na kila ombi la kulitengeneza likajibiwa kwa hotuba kuhusu barafu inayoyeyuka mbali huko.

Na hata kama kosa lote ni la bahari, bado tunataka vipimo. Kipo kipimo cha maji bandarini Unguja, kinafanya kazi tangu 1984. Kinasema nini? Maji yamepanda kwa kiasi gani hapa, si duniani? Maana mwenye kujenga tuta jipya lazima ajue lisimame kimo gani ili litumike miaka 30, na mhandisi hawezi kulikadiria kwa kutazama mawingu. Wenzetu wa Kisiwa Panza wana kilio hiki hiki, na mabonde mengine ya Pemba pia. Mkipima mara moja mtakuwa mmewapimia wote.

4. Trekta na mbegu kwa kalenda ya zamani

Hili ni fupi. Trekta za kuburuga hutoka kwa ratiba isiyojua kama mvua imeanza au haijaanza. Msimu uliopita ilifika bonde limeshakuwa tope, ikazama mpaka ekseli, ikavutwa na vijana wetu, ikaondoka, na pesa za kuburugiwa tulikwishalipa. Mbegu za muda mfupi kama NERICA, ambazo hukomaa kwa takriban siku 90 hadi 110 na ndizo zinazofaa Masika yaliyofupika, hutufikia tukiwa tunapalilia. Tunazila.

5. Karafuu na mwani

Mchumaji wa karafuu na mama wa mwani wana barua zao, sitawasemea yote. Ila mjue ni shauri moja. Karafuu iliyochambuliwa inataka jua la siku nne, tano, mpaka wiki juu ya jamvi; Vuli ikimwaga bila kupumzika hurundikwa ndani, hupata joto, hupauka, na kwenye mizani hushushwa daraja. Hakuna anayemfidia mtu kwa mvua. Mwani ulianza kulimwa kibiashara visiwani mwaka 1989, na ule wenye bei nzuri, kotonii, umekuwa ukifa maji ya pwani yakizidi joto, kina mama wakabakiwa na spinosamu wa bei ya chini. Wanaambiwa waende maji makubwa, huko kwenye ubaridi. Kwa chombo gani, na wangapi wanajua kuogelea, hilo halikuandikwa.

Waheshimiwa, majibu yenu mengine nayajua, acha niyajibu kabla.

Mtasema visiwa hivi haviichafui hewa, wachafuzi wako kwengine. Ni kweli tupu. Ndiyo maana daftari linatakiwa. Mkutano wa Sharm el-Sheikh wa 2022 ulikubali kuanzishwa mfuko wa kuzisaidia nchi zinazopata hasara kwa mabadiliko haya, na wa Dubai wa 2023 ukauanzisha rasmi. Mfuko hauwezi kulipa kilio. Utauliza: mvua ilikuwa vipi, imekuwa vipi, hekta ngapi zimeingia chumvi, tangu mwaka gani? Anayekwenda mikono mitupu atapewa chai na kurudishwa.

Mtasema hakuna bajeti. Kuandika upya namba zilizokwisha kupimwa na kuzibandika kwenye ubao wa sheha hakutaki bajeti, kunataka ruhusa. Vipima mvua vya mkono si mali ya kutisha, na skuli zipo kila shehia, na walimu wake wanajua kusoma milimita.

Mtasema wakulima hawataelewa takwimu. Hili ndilo linalotuuma. Mvuvi anayejua bamvua na maji mafu kwa kuutazama mwezi, mchumaji anayehesabu pishi zake kichwani na kumkosoa karani, hawa watashindwa na jedwali la miezi 12?

Na mtasema upo mkakati. Upo, ulitoka 2014. Nakala tuliyoipata ni ya Kiingereza, kijana wetu wa Kidato cha Sita katusomea. Una mambo mazuri. Ndani yake hatukuona tuta letu, wala la jirani.

Mtasema pia kwamba mikoko inakatwa na wanakijiji wenyewe, kwa boriti na kwa kuni za tanuri za chokaa. Inakatwa, na wakataji tunawajua kwa majina. Kamati imekwishaweka zamu ya ulinzi. Tupeni na mtu wa kuwapeleka tukiwakamata, maana aliyepo anataka tumpe nauli.

Tunayoyaomba, na tunaomba yawe kabla ya kuburuga kwa Masika yajayo, yaani kabla ya mwisho wa Januari:

Zitolewe kumbukumbu zote za mvua na joto za vituo vya Pemba, mwezi kwa mwezi na za siku zilizopo, bure, kwa Kiswahili, zibandikwe kwa masheha na ziwekwe kwenye mtandao. Pamoja nazo zitolewe za kipimo cha maji cha Unguja tangu 1984.

Kiwekwe kipima mvua halali katika kila bonde kubwa la mpunga, kisomwe na skuli iliyo karibu, na daftari lake libaki pale pale kijijini. Nyinyi chukueni nakala.

Utabiri wa Masika na Vuli usomwe kwa Pemba peke yake, na bwana shamba au bibi shamba aje nao bondeni aseme: pandeni mbegu hii, wiki hii, au ngojeni. Akikosea hatutamlaumu. Tumezoea kukosea na mvua.

Ratiba ya trekta na mbegu ifuate utabiri huo.

Tuta lipimwe na mhandisi, mlango wake uwekwe mpya, wa kujifunga maji yakijaa na kufunguka yakipwa. Kazi ya mikono tutaitoa sisi, wanaume na wanawake, kama walivyotoa wazee wetu. Bila mlango huo hata mvua nzuri haitusaidii, kwa sababu chumvi huoshwa na maji matamu yanayopata pa kutokea, na yetu hayana.

Hatuombi mchele wa msaada. Mchele wa mapembe umejaa madukani, mwenye pesa anakula.

Mkimteua mtu wa kuja, aje na buti na asije siku ya maji mafu. Aje siku ya bamvua, afike tutani nusu saa kabla ya maji kujaa, maana yakishapwa hataona kitu na ripoti yake itaandikwa kwamba hali ni nzuri.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
Kamati ya Wakulima wa Mpunga,
Wilaya ya Mkoani, Pemba.

Nakala: Masheha wa shehia zinazopakana na bonde, Mwalimu Mkuu wa skuli ya kijiji, pamoja na ukurasa wa daftari la mvua.